Nyota tatu kwa waliopaua nyumba yangu Nzuguni, kotesheni yao nyota moja

Nilisubiri mvua zipite ndo niandike, maana paa huwezi kulisifia kiangazi, kiangazi kila paa ni zuri. Sasa mvua zimenyesha zimekata, bati zimetulia na mimi nimetulia. Jina la kampuni sitaji. Kazi yao ya mikono haikuwa mbaya na wale vijana wana familia, mi shida yangu ni kotesheni, yaani ile karatasi ya bei waliyonipa mwanzo, na karatasi za aina hiyo ziko nyingi sana hapa Dodoma sa hivi, kila anayejenga ameshapewa moja.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, vyumba vitatu, sebule, jiko na kibaraza mbele, mita 12 kwa 10, paa la pande nne. Iko Nzuguni, ukitoka viwanja vya Nanenane unaingia ndani kidogo, huko ambako mwezi wa nane upepo unakubebea kanga kwenye kamba mpaka kwa jirani wa tatu. Tulifika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mwezi wa sita hela ikakata, mwezi wa kumi tukavunja kikoba ndo nikapata za paa. Baba watoto yuko kazini Dar kwa hiyo saiti ni mimi, simu ni mimi, kugombana pia ni mimi.

Nikachukua kotesheni tatu, maana ndo kila mtu anakwambia, chukua tatu ulinganishe. Sawa nimezichukua, zimekaa mezani, sasa nalinganisha nini? Nikafanya kile ambacho nahisi wengi tunafanya, nikaangalia namba ya chini kabisa kulia kwenye kila karatasi. Basi. Hapo ndo nilipoliwa.

Ya kwanza ilikuwa ya hawa niliowapa kazi, nitawaita vijana wa bei poa. Ukurasa mmoja, mistari sita, jumla 7,850,000. Ya pili ya mzee mmoja ambaye alipaua kwa dada yangu Ilazo, huyo hana ofisi hana kompyuta, ana daftari la mistari na penseli ya seremala, alikuja saiti akapanda ngazi akapima kila upande mwenyewe, akaandika kurasa tatu kwa mkono, jumla 10,700,000. Ya tatu ya ofisi yenye kiyoyozi mjini, imechapwa vizuri, ina mhuri na nembo, 11,900,000.

Sasa we niambie, mwenye hela ya kikoba anachagua nini hapo? Mzee wa daftari nilimwona ananipiga. Nikampigia simu dada nikamwambia huyu mzee wako kashaharibika na hela za watumishi waliohamia Dodoma, anataka milioni karibu tatu zaidi ya vijana kwa paa lile lile. Dada akaniuliza "ni lile lile kweli?" nikaona ananichelewesha tu.

Wale vijana ni watu wa maneno mazuri jamani. Yule kiongozi wao, kila nilichouliza jibu lilikuwa moja. Usafiri je? "Hiyo tutaelewana mama yangu." Mbao zikipungua? "Mama usiwe na wasiwasi, tutaelewana." Kwanza siku ya kwanza alipofika saiti aliangalia nyuma yangu akauliza "baba yupo?" nikamwambia baba ni mimi leo, akacheka, akaniamkia vizuri, tukaendelea. Neno tutaelewana nililisikia kama mara saba siku ile na nililichukulia kama uungwana. Kumbe kila tutaelewana moja ilikuwa na bei yake, ila bado haijaandikwa.

Nikatoa advansi asilimia 70. Najua, najua, msinipigie kelele. Alisema ya kununulia mbao na bati kabla hazijapanda, na kwa kweli mwezi wa 11 Dodoma kila mtu anakimbizana na mvua, hadiwea zinajaa na fundi anakuwa adimu kama maji ya bomba, kwa hiyo nikaona bora nimfunge mapema. Nilichofunga ni mikono yangu mwenyewe.

Siku ya tatu ya kazi likaja la usafiri. Fuso limesimama nje, dereva hataki kushusha. Mbao zilitoka mjini, bati zikatoka sehemu nyingine, safari mbili, 350,000. Nikamwambia fundi mbona kwenye bei yako hii haimo, akasema mama ile ni bei ya dukani, saiti ni saiti. Nikalipa, dereva ananiangalia, majirani wananiangalia, utafanyaje.

Halafu mbao. Kwenye karatasi yake imeandikwa "mbao pisi 240". Mbao. Haijaandikwa mbao za dawa. Mtu wa mikoa mingine anaweza kuona ni jambo dogo, ila aliyekaa Dodoma anajua mchwa wa huku, ukisahau fagio nyuma ya nyumba wiki mbili unakuta mpini umekuwa unga. Nikazigeuza mbili tatu, mbao ya dawa inakuwa na ule ukijani na ukiikata unaona dawa imeingia kutoka pembeni kwenda ndani, hizi zilikuwa nyeupe peee kama mkate. Nikasema hizi hazipandi kwenye nyumba yangu. Akasema hamna shida, zinarudi, ila za dawa zina tofauti ya 2,500 kila pisi. 240 mara 2,500 ni 600,000. Nikakaa kwenye tofali nikapiga hesabu mara mbili kwenye simu kama vile simu inaweza kubadilisha mawazo. Mbao nyingi za huku zinatoka Mafinga zinapita Iringa, Mtera mpaka hapa, kwa hiyo bei inapanda kwa safari, hilo naelewa, lakini safari hiyo mbao ya dawa na isiyo na dawa zinasafiri pamoja, alijua tangu mwanzo.

Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilipotaka kukaa likaja la nondo za kufungia wolpleti, ile mbao inayolala juu ya ukuta, kwenye lenta, 84,000. Hii nililipa bila kelele kwa sababu upepo wa Nzuguni naujua, paa lisilofungwa chini ni kofia ya mtu anayekimbia. Lakini tena, paa gani halifungwi? Kwa nini kitu ambacho kila paa linacho kisiwe kwenye bei?

Siku ya kofia ndo sitaisahau.

Ilikuwa Alhamisi, pande mbili zimeshapigwa bati, pande mbili ziko wazi unaziona papi tu, zile mbao za kupigilia bati, na upande wa mashariki wingu limekaa jeusi. Mi niko kazini Mtumba, kule mji wa serikali. Simu inaita, kiongozi wa vijana. "Mama, kofia hazijaja." Namuuliza nani alitakiwa alete. "Mama kofia hazikuwa kwenye hesabu." Nikamwambia, sikiliza baba yangu, kofia ndo inafunika maungio ya juu, bila kofia maji yanaingia pale pale kati, sasa paa bila kofia ni paa la nini? Akanyamaza kidogo, akasema kwa upole kabisa, hata hasira hakuwa nayo, "mama mi nimekuandikia mabati, kofia sio bati, kofia ni kofia." Nikaomba ruhusa nikapanda daladala. Kofia 24 kwa 18,000 ni 432,000, na vali 8, yale mabati ya mfereji ya pale paa la kibaraza linapokutana na la nyumba, kwa 22,000 ni 176,000. Jumla 608,000, nikakopa kwa mwenzangu wa ofisini nikiwa njiani, kwa simu, ndani ya daladala, watu wote wanasikia.

Sio kwamba nilidanganywa waziwazi, maana ukisoma ile karatasi yake hamna uongo hata mmoja. Ni kwamba mwezi wa kumi nilikuwa na nguvu ya kusema sitaki nikaondoka, lakini mwezi wa 11 paa liko nusu, hela yangu iko kwake asilimia 70, na wingu liko mashariki, nguvu yote imehamia kwake. Kila kitu ambacho hakikuandikwa wakati mna nguvu sawa, kitaandikwa wakati wewe huna nguvu.

Na bati zilipungua. 11. Hii ilinikera mpaka nikamwita binamu yangu anayesoma ujenzi chuo aje anieleze. Akachora chini mchangani na kijiti. Fundi alipima nyumba kama ilivyo chini, ukijumlisha na paa linavyotokeza nje ya ukuta sentimita 60 kila upande unapata mita 13.2 kwa 11.2, ni kama mita za mraba 148. Lakini paa halijalala chini, limeinuka, na likiinuka nyuzi 25 kama letu eneo linaongezeka karibu asilimia 10, unafika 163. Hapo bado hujakata pembe, na paa la pande nne kila kona inakatwa mshazari na kipande kinachobaki mara nyingi hakifai kitu. Alafu bati lenyewe. Nimelipima mwenyewe kwa futi kamba, upana wake sentimita 89, lakini likilaliana na mwenzake linabaki 80 zinazofunika kweli. Kwa hiyo unanunua 89 unatumia 80. Fundi wangu aliandika bati 66, zikaingia 77. 11 kwa 46,000 ni 506,000.

Hili la kulaliana nalisema kwa kirefu kwa sababu ndo njia nyepesi kuliko zote ya kotesheni kuonekana rahisi, huhitaji kumdanganya mtu, unapiga tu hesabu kana kwamba bati halilaliani na paa halina mteremko. Namba inatoka ndogo, ya kupendeza. Mwenye nyumba anaona fundi ana bei nzuri.

Tena kwenye kilele, pale katikati, kutoka kwenye fisha bodi, ile mbao ya ukingoni mwa paa, mpaka juu ni mita 6.2 hivi. Bati zake ni za mita 3. Mbili ni 6, toa sentimita 20 za kulaliana, inabaki 5.8. Ikabidi waunge kiraka cha tatu juu kabisa, ukisimama barabarani unaona mstari. Mzee wa daftari aliandika "bati zikatwe kiwandani kwa urefu wa paa, zisiungwe", nikadhani ni mbwembwe. Wanaouza bati za rola wanakukatia urefu unaotaka, unalipa kwa mita, maungio yanapungua na pa kuvuja panapungua. Mstari wangu ule nauona kila siku nikirudi kazini, umekuwa kama chunusi usoni, mgeni haioni ila mwenyewe huachi kuiangalia.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Fisha bodi hazikuwemo, pisi 16 kwa 20,000 ni 320,000. Ufundi wa kuzipiga nao sio ufundi wa paa bwana, ni ufundi mwingine, 180,000. Misumari iliisha, 96,000. Chakula cha mafundi siku tisa kwa 15,000, 135,000, na hii wala haikuwa mjadala, siku ya kwanza saa sita mmoja kashuka kaniuliza "mama leo tunakula nini?" kama mwanangu.

Jumlisha zote hizo, 2,879,000. Ongeza kwenye 7,850,000 unapata 10,729,000.

Yule mzee niliyemwona ananipiga alisema 10,700,000. Nimemzidi kwa 29,000. Kwa bei za huku ni kuku wa kienyeji mmoja.

Usiku niliopiga hesabu hiyo nikatoa zile kurasa zake tatu za penseli nikazisoma kwa mara ya kwanza, namaanisha kuzisoma, sio kuangalia chini kulia. Yote yalikuwemo. Usafiri mpaka saiti. Mbao za dawa, vipimo vyake moja moja, mbili kwa mbili za papi ngapi, mbili kwa nne ngapi, mbili kwa sita ngapi. Kenchi kila baada ya mita 1.2. Kofia 24, kaandika 24! Vali 8. Fisha bodi na rangi yake ya kwanza. Nondo za kufungia. Chakula kwa mafundi wake ni juu yake. Mpaka kusafisha saiti na misumari iliyodondoka, kwa sababu ya watoto. Na bati geji 28.

Hapo kwenye geji moyo ukaruka. Nikarudi kwenye karatasi ya vijana, imeandikwa "mabati ya rangi migongo mipana". Geji hamna. Kesho yake nikachukua kipande kilichobaki nikaenda nacho kwa fundi wa mashine mitaa ya Sabasaba, akakibana kwenye venia yake, kile kipimo cha unene, akanisomea milimita 0.31. Akaniambia hii ni geji 30 dada, 28 ingekuja kwenye 0.38 huko. Kwa wasiojua, mi nilikuwa mmoja wenu, geji inakwenda kinyume, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, 28 ni nene, 30 nyembamba, 32 ukilikanyaga vibaya linabonyea. Dukani nilikuta tofauti ya 28 na 30 ni 12,000 kwa bati moja. Zidisha kwa 77, ni 924,000. Kwa hiyo sijamzidi mzee kwa kuku mmoja, nimemzidi kwa kuku na paa jembamba juu. Na hii huwezi kuiita gharama iliyofichwa ukaiona kwenye risiti, hii hulipi leo, utailipa miaka ijayo mwenyewe au wanao.

Nikampigia kiongozi wa vijana kumuuliza kuhusu geji, akasema "mama ungesema unataka 28 ningekuandikia 28." Hapo nilikosa jibu kwa kweli. Ni haki yake.

Sasa msije mkadhani nawaambia mkachukue ya bei ya juu maana ni salama. Ile ya kiyoyozi 11,900,000 nilikuja kuisoma nayo usiku ule ule, na ukurasa wa mwisho, chini, maandishi madogo kama ya dawa za kikohozi, "bei haijumuishi VAT", yaani kodi ya ongezeko la thamani. 18% ya 11,900,000 ni 2,142,000, kwa hiyo bei yao halisi ni 14,042,000. VAT ni halali, sigombani na TRA mimi, kampuni iliyosajiliwa VAT inatakiwa itoze na itoe risiti ya mashine ya EFD. Kinachonikera ni kuiweka pembeni ili jumla ifanane na ya watu ambao hawatozi. Na chini yake tena "bei ni halali kwa siku 14, mabadiliko ya bei ya vifaa yatabebwa na mteja". Yatabebwa na mteja! Yaani bati ikipanda ni yangu, ikishuka ni yao. Halafu jukwaa la kupandia nalo limeandikwa "mteja ataandaa". Karatasi nzuri, mhuri mzuri, na tutaelewana ni zile zile, zimevaa tai tu.

Na upande wa pili, ukiona mtu hana usajili wa VAT halafu anakutajia VAT kwenye bei, mwombe namba ya usajili na risiti. Dada yangu aliwahi kutajiwa hivyo na fundi wa vigae, alipoomba risiti ile VAT ikayeyuka pale pale.

Turudi kwa vijana maana hapa nawapima wao. Mazuri yao yapo na nitakuwa mchoyo nisipoyasema. Walimaliza siku tisa kama walivyosema, na walifika asubuhi saa moja kamili kila siku, hata ile Jumatatu ya upepo. Kenchi zimesimama, niliita mtu mwingine aje akague akasema ziko vizuri ila yeye angeziweka karibu karibu zaidi, zangu ziko mita 1.5. Misumari wameipiga juu ya mgongo wa bati kama inavyotakiwa, sio kwenye bonde ambako maji yanapita, na kila msumari una mpira wake. Mvua kubwa ya kwanza, wiki ya pili ya Desemba, pale kwenye vali ya kibaraza pakavuja, ndoo nzima. Nikapiga simu saa mbili usiku nikijua kabisa sasa hapa naambiwa tutaelewana. Wakaja asubuhi yake, wawili, wakafungua, wakakuta bati halikuingia vya kutosha chini ya vali, wakarekebisha, na nilipoingiza mkono kwenye pochi yule kijana mdogo akasema "hapana mama, hii ni yetu." Hiyo ndo nyota ya tatu. Bila hiyo walikuwa na mbili. Mvua zote mpaka mwezi wa nne, hamna tone.

Mnaopaua mwaka huu, mi ningepata nafasi ya kurudi mwezi wa kumi ningefanya hivi. Nisingeomba kotesheni kwanza. Ningemlipa mtu anayejua, hata kama ni 50,000 au laki, aje aniandikie orodha ya vitu vya paa langu, bati ngapi za geji gani na urefu gani, mbao ngapi za dawa vipimo gani, kofia, vali, fisha bodi, nondo, misumari kilo ngapi. Halafu karatasi hiyo hiyo moja ningewapa wote watatu wajaze bei tu. Hapo ndo unalinganisha, maana sa hivi ulivyoachia kila mtu aandike anavyotaka unalinganisha embe na ndizi halafu unafurahi ndizi ni rahisi. Asiyetaka kujaza, au anayekwambia "mama hii orodha ndefu tutaelewana", kashakujibu.

Na swali moja ningewauliza wote, ana kwa ana sio kwa simu: nikikupa hela hii yote leo, ni kitu gani nitakuja kuombwa tena kabla sijalala chini ya hili paa? Unamwangalia usoni. Mzee wa daftari nilimuuliza swali hili baadaye, nilipokwenda kumwomba radhi na kilo mbili za zabibu, akafikiri, akakuna kichwa, akasema "gata. Gata sikukuandikia, maana hukuniambia kama utavuna maji." Yaani hata yeye kuna kitu kilibaki nje, ila alikijua na alikisema papo hapo. Nilitamani nibomoe paa nimpe kazi upya.

Advansi nayo, asilimia 70 ni wazimu wangu, usiige. Ningenunua vifaa mwenyewe dukani kwa risiti yenye jina langu, ukizingatia bati nyingi zina waranti ya kiwanda na bila risiti waranti unaidai kwa nani, na fundi ningemlipa ufundi tu kwa hatua, kenchi zikisimama kiasi, bati zikiisha kiasi, na kitu kidogo kibaki mpaka mvua ya kwanza ipite. Najua mafundi hawaipendi hii ya mwisho. Mzee alisema yeye anaikubali ila iandikwe mvua ya kwanza ni lini, maana Dodoma mvua inaweza kukugomea mpaka Januari na watoto wake wanakula Desemba. Ana haki.

Muda nao mnauangalie. Ningepaua mwezi wa saba au wa nane nisingekuwa na wingu la kunikimbiza. Vumbi na upepo upo ila hamna anayekuambia "mama mvua hiyo inakuja" huku kashika kofia mkononi.

Gata bado sijaweka, na maji ya bomba huku kwetu mnayajua, simtanki linanisubiri pembeni limekaa tupu linalia likigongwa. Wiki iliyopita fundi wa gata kaniletea kotesheni ya mstari mmoja, "gata mita 49 na ufundi, 1,100,000". Nikamrudishia nimeandika kwa peni nyekundu pembeni: vishikio vingapi, kona ngapi, bomba la kushusha maji mita ngapi, chujio la kwenye tanki, usafiri, chakula. Akaniambia mama mbona vitu vidogo vidogo hivyo, hivyo tutaelewana. Nikamwambia aandike halafu aniletee. Leo siku ya sita, bado hajarudi.